Limekwisha kwa Nani?

 

Juma hili ni la mwisho wa mwaka. Wenye maduka wanahesabu mali iliyobaki, waweka hazina wa vyama wanatafuta risiti walizoziweka mahali wasipopakumbuka, na sisi makasisi twaandika taarifa ya kazi ya mtaa ili isomwe mbele ya mkutano. Nataka tufikirie pamoja, kwa dakika hizi chache, jinsi ya kuzihesabu kazi tulizozimaliza katika mwaka unaokwisha. Sisemi kazi za ofisini peke yake. Nasema na za nyumbani: choo ulichochimba, deni ulilolipa, ng'ombe uliyemnunua, masomo uliyoyamaliza, shamba ulilolizungushia ua.

Mimi nina daftari. Ni daftari la kawaida la wanafunzi, nami hununua jipya kila mwezi wa Januari. Katika ukurasa wa kushoto naandika kazi za kanisa ninazokusudia, na katika ukurasa wa kulia za nyumbani. Kazi ikiisha, naweka alama mbele yake kwa kalamu nyekundu. Wengine watanicheka, maana siku hizi simu yaweza kumkumbusha mtu kila jambo. Lakini simu yangu huisha chaji, na daftari haliishi chaji.

Usiku mmoja mapema mwezi huu wa Desemba nililifungua mezani baada ya chakula. Nikahesabu alama nyekundu kumi na moja. Nikafurahi sana, nikamsomea mke wangu moja baada ya nyingine, kama mtoto aletaye matokeo ya mtihani. Iliyonipendeza kupita zote ilikuwa ya tangi la maji.

Hapa yafaa niwaeleze habari ya tangi lenyewe. Mtaa wetu uko Taita, juu mlimani. Mtu aliye chini tambarare, Voi, akiinua macho na kuona ukungu juu yetu, hudhani twaogelea katika maji. Sivyo. Mvua zetu ni misimu miwili, ya Machi hadi Mei, na ya Oktoba hadi Desemba. Na kati ya msimu na msimu akina mama hushuka bondeni na madumu, kisha hupanda nayo. Na kumbe paa la kanisa letu lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Hesabu yake ni rahisi, hata mtoto wa shule aiweza. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Basi paa la mita za mraba 200 hupokea lita 200 kwa kila milimita. Ukiondoa kama sehemu moja ya tano, inayopotea kwa kuruka nje na kwa kukaushwa na bati lenye joto, zabaki lita 160. Kwa hiyo milimita 125 za mvua zatosha kulijaza tangi la lita 20,000. Miaka yote tangu kanisa lile liezekwe, maji hayo yalikuwa yakianguka chini na kuchimba mtaro kando ya ukuta. Tulikuwa tukiomba mvua, na ikija twaiacha ipite.

Basi mwaka huu tulifanya harambee, tukanunua simiti, mchanga, kokoto, na waya, tukamwita fundi wa hapo hapo kwetu, naye akajenga. Nilijifunza mengi kwa kumtazama. Siku alipomaliza kupiga lipu ya mwisho, juma la kwanza la Septemba, mimi nilitaka tutie maji mara moja nione kama halivuji. Akakataa. Aliniambia, "Padre, simiti haina haraka." Akanieleza kwamba simiti haikauki kama udongo wa ukuta. Simiti huungana na maji, na katika kuungana huko ndipo huwa jiwe. Ikinyimwa maji mapema, hubaki dhaifu na kupasuka. Kwa hiyo kwa siku saba alikuja asubuhi na jioni, akalimwagia maji, akalifunika kwa magunia mabichi lisipigwe na jua. Na nguvu ya kazi kama ile mafundi huihesabu ikishatimiza siku 28. Siku zile saba hapana aliyemwona akijenga. Mtu aliyepita barabarani aliona mzee mmoja akinyunyizia gunia maji.

Jumapili ya tatu ya Oktoba tulilifungua. Palikuwa na mgeni wa heshima, utepe, kwaya mbili, na hema la kukodi. Picha zilipigwa nyingi. Mimi niko mbele katika karibu zote.

Sasa turudi mezani usiku ule. Nilipoisoma alama ya tangi, mke wangu, aliyekuwa akichambua maharagwe, hakuinua kichwa. Aliuliza tu, "Limekwisha kwa nani, Baba watoto?"

Nilidhani anasema habari ya mfereji wa bomba, maana ulikuwa ukidondoka. Nikamwambia mfereji tutautengeneza. Akasema, "Siulizi mfereji. Nauliza yule fundi. Mmemlipa?"

Ndugu msikilizaji, nilijua jibu, na hilo ndilo linalonitia haya mpaka leo. Tulikuwa tumebakiza shilingi 18,000 za fundi. Zilikuwapo katika sanduku. Juma moja kabla ya sherehe kamati ilikaa, ikaonekana kwamba hema, viti, mchele, na mbuzi wawili vingezidi fedha tulizotenga. Mmoja akasema, "Fundi ni mtu wetu, ataelewa." Wote tukaitika. Mwenyekiti wa kikao kile nilikuwa mimi. Kisha sherehe ikapita, mvua ikaja, tangi likajaa, nami nikachukua kalamu nyekundu.

Nawaomba mlitazame sana neno lile, "ataelewa". Sisi watu wa kanisa, na watu wa maofisi pia, na hata jamaa nyumbani, hulitumia mara nyingi, na karibu kila mara hulisema juu ya mtu ambaye hayupo chumbani. Twalisema juu ya kijakazi ambaye mshahara wake umechelewa. Twalisema juu ya mke, wakati mradi wa bwana umekula karo. Twalisema juu ya karani anayebaki ofisini mpaka usiku ili mkubwa wake apeleke taarifa kwa wakati. Na kweli, wao huelewa. Huelewa vizuri kuliko tunavyotaka.

Wahubiri twakipenda sana kitabu cha Nehemia wakati wa ujenzi. Sijui ni harambee ngapi nimezifungua kwa habari ya ule ukuta wa Yerusalemu, uliomalizika kwa siku 52. Twaenda moja kwa moja kwenye sura ya sita, mahali ukuta unapotimia, adui wanatahayari, na watu wanaona kuwa Mungu alikuwamo katika kazi ile. Lakini kabla ya sura ya sita kuna ya tano, nayo huirukwa. Katika sura ya tano, ukuta ungali unajengwa, chakatokea kilio. Si kilio cha adui, ni cha wajenzi wenyewe na wake zao. Wameweka rehani mashamba yao na mizabibu ili wapate nafaka. Wengine watoto wao wamekwisha kuwa watumwa kwa sababu ya madeni. Na wanaowadai ni ndugu zao, Wayahudi wenzao. Nehemia hakusema kwamba mambo hayo yatangojea mpaka ukuta uishe. Alikasirika, akaita mkutano, akawaambia wakubwa uso kwa uso warudishe. Tena hakujificha: alikiri kwamba yeye na jamaa zake nao walikuwa wakikopesha watu fedha na nafaka. Ndipo habari ya ukuta ikaendelea.

Sura ya tatu nayo wengi huiona ni orodha kavu ya majina. Mimi mwaka huu nimeisoma kwa macho mengine. Ni daftari, lakini halifanani na langu. Langu limeandikwa kazi tu. Lile la Nehemia limeandikwa watu. Kila kipande cha ukuta kina jina la aliyekijenga. Wamo wafua dhahabu, wamo watengeneza manukato, ambao nadhani hawakuwa wamezoea kubeba mawe. Yumo Shalumu na binti zake. Hata wakubwa wa Tekoa waliokataa kuinamisha mabega yao wamo, na kukataa kwao kumeandikwa.

Kesho yake jioni nilikwenda kwa fundi. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikapewa kigoda na chai kabla sijasema neno. Chai ile ilikuwa nyeusi. Nilipomaliza nusu kikombe nikasema nimekuja kwa habari ya zile pesa.

Akatazama chini. Akasema, "Nilidhani kanisa limesahau, Padre."

"Mbona hukunikumbusha, Mzee?"

"Mtu ataanzaje kulidai kanisa? Watu wangesema nimeiuzia nyumba ya Mungu maji yake mwenyewe."

Mkewe, aliyekuwa jikoni, alisema bila kutoka nje kwamba chai ingekuwa na maziwa kama mbuzi angekuwapo. Mbuzi wao wa maziwa walimuuza mwezi wa Novemba, ili kulipa masalio ya karo ya kijana wao. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni kwa nini hakukirimiwa vizuri.

Nilirudi nyumbani gizani. Jumamosi nikaita baraza la kanisa, nikawaeleza yote, nikianza na nafsi yangu. Palikuwa na ukimya mrefu. Mmoja akashauri tungoje sadaka za Januari. Ndipo mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama akasimama, akasema, "Sisi ndio tuliopika ule wali. Tulipika mshahara wa mtu, tukaula." Akafungua kitambaa chake, akaweka noti mezani. Hapakuwa na hotuba nyingine. Zilipatikana shilingi 11,400 pale pale, nami nikatoa 6,600 nilizokuwa nimejiwekea kwa suti. Tukazituma kwa M-Pesa kabla ya jua kuchwa. Torati ya Musa yaagiza kibarua alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa. Jua letu sisi lilikuwa limekwisha kuchwa zaidi ya mara tisini. Mbuzi hakurudi, aliyemnunua alikwisha kumpeleka mbali.

Nadhani sasa mwaona kwa nini nawaletea jambo hili katika juma hili la hesabu. Kuna hesabu ambayo mtu huifanya ili ajipongeze, nayo haina ubaya, maana mkulima naye huitazama ghala yake akatabasamu. Lakini kuna nyingine inayotaka mtu aichukue kazi aliyoiwekea alama, aiulize maswali. Nani aliyeibeba? Alipata alichoahidiwa? Kilichotumika kilitoka kwa nani, na je, aliombwa au alichukuliwa tu? Na sasa kazi imekwisha, inamtumikia nani, na nani ataitunza? Nilirudi mezani, nikachukua daftari, na mbele ya kila alama nikaandika majina. Kazi ile ilinichukua siku tatu usiku, na matokeo yake hayakuwa kama nilivyodhani.

Chukueni jiko la mama yangu. Lilikuwa katika ukurasa wa kulia. Paa lake la makuti lilikuwa likivuja, nami nilimwahidi kwamba nitalibadilisha. Niliahidi mwaka huu? La, niliahidi miaka mitatu iliyopita, nikaliandika katika madaftari matatu. Mwezi wa Juni nilikwenda na mabati kumi na mawili na kaka yangu mdogo, tukalimaliza kwa siku mbili. Siku mbili! Katika miaka ile mitatu nilikuwa nimekaa katika kamati ambazo sikumbuki hata zilihusu nini. Mbele ya alama ya jiko niliandika jina la mama, na kando yake idadi ya misimu ya mvua aliyopika huku akihamisha mafiga kutoka pembe hadi pembe. Ni misimu sita.

Tulipanda pia miche 60 ya miti nyuma ya shule ya Jumapili. Hiyo niliiwekea alama mwezi wa Aprili, siku ya kupanda, watoto wakiwa wamesimama kwa mstari kila mmoja na mche wake. Desemba nilikwenda kuhesabu. Imebaki 23, na yote iko upande mmoja, karibu na nyumba ya mlinzi, aliyekuwa akimwaga hapo maji ya kunawia uso. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilifuta alama yangu, nikaandika jina lake.

Na kuna kazi moja ambayo haikuwamo daftarini kabisa. Bibi mmoja wa makamo ya miaka sabini na zaidi aliniomba mwezi wa Februari ufunguo wa chumba cha nyuma ya madhabahu, ili msichana mmoja aliyemaliza kidato cha nne amfundishe kusoma baada ya ibada. Nilimpa, nikasahau. Mwezi wa Novemba alinijia na karatasi ya dawa kutoka zahanati, akanisomea mwenyewe, polepole, kidole kikifuata neno: moja asubuhi, moja jioni. Akaniambia, "Padre, mimi nilikuwa nikimeza mbili asubuhi." Katika mwaka mzima wa mtaa wangu sijui kama kuna kazi iliyomalizika vizuri kuliko hiyo, na sehemu yangu ndani yake ilikuwa ufunguo.

Najua wako wanaonisikiliza ambao mwaka huu hawana alama hata moja. Nyumba imesimama kwenye madirisha. Biashara imefungwa. Masomo yamekatika kwa sababu ya ugonjwa wa mzazi. Kwenu nina neno fupi, nalo ni la historia. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, pale Nairobi, jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1917, na jengo likamalizika mwaka wa 1952. Hiyo ni miaka 35. Ina maana palikuwa na Desemba nyingi, moja baada ya nyingine, ambazo wazee wa kanisa lile waliandika taarifa ya mwaka wakiwa na jengo lisilokwisha, nao wakaendelea kuabudu ndani yake. Mwaka ni kipimo cha kalenda. Kazi ina vipimo vyake, kama simiti. Ukiwa katika zile siku saba za kumwagia gunia maji, usikubali mtu akuambie kwamba hujengi.

Lakini kama unaweza kumaliza, na unachokosa ni nia tu, kama mimi na lile jiko, basi siku mbili hizo ziko katika juma hili.

Fundi alikuja Jumatatu kuutengeneza mfereji unaodondoka. Sikumwita, alisikia mwenyewe. Tulipatana bei kwanza, nikamlipa alipokuwa akinawa mikono, na wote wawili tulicheka kidogo. Kisha akapanda ngazi, akatazama ndani ya tangi, akashuka na kusema kwamba wavu wa kuzuia mbu umetoboka, na kwamba kabla ya mvua ya Machi paa lifagiliwe majani, na maji ya manyunyu ya kwanza yaachwe yaende nje, maana hayo huosha vumbi na mavi ya ndege. Aliuliza nani atafanya hayo. Sikuwa na jina la kumtajia.

Daftari jipya nimekwisha kulinunua. Mstari wa kwanza, ukurasa wa kushoto, nimeandika tena tangi. Alama nyekundu nimeifuta katika lile la zamani, na katika hili jipya nimeacha nafasi ya majina mawili: la atakayefagia paa, na la atakayeshika ufunguo wa mfereji. Jumapili ijayo, baada ya matangazo, nitauliza.

Bwana awe nanyi, wasikilizaji wapenzi. Kwaherini mpaka juma lijalo.